Ni rahisi kuchora bunduki kuliko kuchora uso

Leo Kanisa linaanza Majilio. Rangi ya zambarau imerudi altareni, mshumaa wa kwanza umewashwa, na kwa kuwa tumeingia Mwaka A wa liturujia, ni nabii Isaya anayetufungulia mlango kwa ndoto yake ile kubwa: mataifa yanaupanda mlima wa Bwana, na wakifika huko wanapeleka panga na mikuki yao kwa mhunzi, nazo zinarudi nyumbani zikiwa majembe na miundu.

Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya mshumaa. Lakini wiki mbili zilizopita, Jumanne asubuhi, mjane mmoja wa parokia yetu alikuja ofisini kwangu akiwa amefunga flashi kwenye pindo la kanga, kama mama zetu wanavyofunga hela ya sadaka. Yaliyofuata yamenifanya nishindwe kuandika jambo jingine. Mama huyo na mwanawe wameniruhusu niwasimulie, nami nimeacha majina yao nje.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele amina, mama. Karibu uketi."

Hakuketi. Alifungua pindo, akaiweka flashi juu ya meza. "Padre, naomba uone kazi anayoifanya mwanao. Shuleni wamemrudisha nyumbani. Wamesema aje na mzazi wa kiume, na wewe unajua mzazi wa kiume hayupo."

Kijana mwenyewe namfahamu vizuri. Ana miaka 14, yuko kidato cha pili, ni mtumikiaji wa altareni, na kila Jumamosi anamsaidia katibu wa parokia kuchapa matangazo ya Dominika kwa sababu vidole vyake ni vyepesi kuliko vya sisi wazee. Mwalimu wa kompyuta alimkuta akichora bunduki badala ya kufanya zoezi. Alipopekua flashi yake akakuta picha zaidi ya 40, zote silaha. Shule ikamsimamisha mpaka kamati ya nidhamu ikae.

Nikachomeka flashi kwenye kompyuta ya ofisi. Nikafungua picha ya kwanza: bastola. Ya pili: bunduki ndefu ya kuwindia. Ya tatu na ya nne: SMG, ile ambayo kila Mtanzania anaijua kwa jina hata kama hajawahi kuishika. Zilikuwa picha ndogo sana, zimechorwa kwa programu ya Paint, ile inayokuja na kompyuta bure na ambayo wengi wetu tunadhani ni ya watoto kuchezea rangi. Kila picha ilikuwa imejengwa kwa visanduku vidogo vya rangi, kisanduku kimoja baada ya kingine, mithili ya mwanamke anayesuka mkeka. Kwa lugha ya wenye fani, kisanduku kimoja huitwa pikseli.

Nikwambie ukweli, ndugu msomaji: sikufungua ya tano. Nilimtazama yule mama, nikaona machozi. Nikakumbuka habari tunazozisikia kutoka nchi nyingine za wanafunzi walioingia darasani na silaha. Nikachagua faili zote kwa pamoja, nikafuta. Mama akashusha pumzi. Nikambariki, nikamwambia amtume kijana kwangu jioni. Alipoondoka nilijiona kama padre aliyetoa pepo.

Jioni kijana akaja. "Shikamoo, Padre." "Marahaba." Nikamweleza kwa upole kwamba nimezifuta zile picha na kwamba kipaji ni cha Mungu, kisitumike kwa mambo ya damu. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akaniuliza swali moja.

"Padre, umefuta na ile ya mwisho?"

"Ipi ya mwisho?"

"Ile ya mlinzi."

Baba yake alikuwa mlinzi wa usiku. Mimi ndiye niliyemzika, miaka mitatu iliyopita. Majambazi walivamia ghala alilokuwa akililinda. Yeye alikuwa na rungu, tochi na filimbi. Wao walikuwa na SMG. Pale msibani watu walilitaja neno hilo mara nyingi kuliko walivyolitaja jina la marehemu: SMG, SMG, SMG. Mtoto wa miaka 11 aliketi kwenye mkeka akilisikiliza neno ambalo hakujua linafananaje.

"Nilitaka niijue iliyompiga baba," akaniambia. "Nilikuwa naiota usiku lakini haina umbo. Nikawa naziangalia kwenye magazeti, zile ambazo polisi wakizikamata wanazipanga mezani. Nikianza kuichora, inakuwa kitu cha kawaida. Inakuwa vyuma na mbao."

Alichora moja, akachora nyingine, akazidi kuwa fundi. Na mwisho wa zile bunduki zote akamchora baba yake, amesimama mlangoni mwa ghala, ana tochi mkononi. Picha hiyo ndiyo iliyomchukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo niliyoifuta bila kuitazama.

Wataalamu wa kompyuta watanielewa: faili ukiifuta kutoka kwenye kompyuta yenyewe, kwa kawaida huenda kwenye kapu la taka, na unaweza kuirudisha. Lakini ukiifuta kutoka kwenye flashi, haipiti kapuni. Inaondoka moja kwa moja. Kesho yake nilimpelekea fundi mmoja mjini akajaribu. Alirudisha picha 19. Zote zilikuwa bunduki.

Nimekuwa padre kwa zaidi ya miaka 20. Nimeungamisha watu wengi waliohukumu wenzao kwa kuona robo ya habari. Safari hii ilinibidi mimi mwenyewe nitafute padre jirani na kupiga magoti.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba nimesahau woga wa yule mwalimu na wa yule mama. Woga wao una maana, na mimi nilijifunza maana hiyo nikiwa na miaka minane. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yetu hadi mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba yakalilipua daraja la Kyaka. Watu wa upande wa pili walikimbilia kusini, na nyumbani kwetu tulipokea mama mmoja na mtoto wake mchanga. Sisi wavulana wa kijiji tuliiona vita kama sherehe. Malori ya wanajeshi yakipita tulikuwa tunashangilia kando ya barabara.

Kama ulikulia kwenye migomba, unaijua bunduki yetu. Unachukua uti wa jani la mgomba, unauchanja vipande upande mmoja bila kuving'oa, unavisimamisha vyote, kisha unapitisha mkono kwa nguvu juu yake: ta-ta-ta-ta-ta! Siku moja nilitokea nyuma ya jiko nikaifyatua bunduki yangu ya mgomba. Yule mama mkimbizi alikuwa amekaa anamenya ndizi. Aliruka, akamlalia mtoto wake kifudifudi, akakaa hivyo kwa muda mrefu sana. Kisu kilikuwa bado mkononi mwake.

Mama yangu hakunipiga. Aliichukua bunduki yangu, akaiweka kwenye chakula cha mbuzi, akaniambia nikamwombe yule mama radhi. Nilikwenda. Sikujua niseme nini. Yeye ndiye aliyenishika kichwa akasema, "Hukujua, mwanangu."

Kwa hiyo bunduki ya mgomba si bunduki, na picha ya bunduki si bunduki. Lakini wala si kitu kitupu. Kwa anayeichezea ni mchezo, na kwa aliyeikimbia ni kifo. Mwalimu anayeona picha 40 za silaha kwenye flashi ya mwanafunzi ana wajibu wa kuuliza. Kosa langu mimi lilikuwa kwamba sikuuliza. Mama yangu hakuuliza pia, lakini hakuishia kwenye kunyang'anya: alinituma nikaonane uso kwa uso na mtu niliyemtisha.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba kijana anifundishe. Tuliketi mbele ya kompyuta ya parokia baada ya matangazo kuchapwa. Alifungua Paint, akaweka ukubwa wa karatasi: visanduku 64 kwa upana na 32 kwa urefu. Piga hesabu: ni visanduku 2,048. Akaikuza mara nane ili kila kisanduku kionekane, akawasha mistari ya kuvitenganisha, akachukua alama ya penseli. Bonyeza mara moja, kisanduku kimoja kinapata rangi. Ukitaka kujaza eneo kubwa kuna alama ya ndoo. Ukikosea, unarudi nyuma. Na akanionya kwamba nisije nikaihifadhi picha ya namna hii kwa mfumo wa JPEG, kwa sababu mfumo huo unachafua kingo zake. PNG inatunza kila kisanduku kama kilivyo.

Akanichorea SMG kwa dakika chache. Kisanduku cha kijivu, cha kijivu, cha kijivu, hapa kahawia ya mbao, hapa magazini inapinda kidogo. Kisha nikamwambia: "Sasa nichoree uso wa mtu."

Akasita. "Hiyo ni ngumu, Padre. Bunduki unaichora kwa ubavu, ni mistari iliyonyooka tu. Uso hauna mstari hata mmoja ulionyooka. Na kwa udogo huu, jicho linakuwa kisanduku kimoja. Ukikisogeza kikakaa pembeni, mtu aliyekuwa anasikitika anaonekana anacheka. Ya baba niliifuta na kuirudia mara nyingi."

Nimesoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi, lakini sentensi hiyo sikuipata seminari. Ni rahisi kuchora bunduki kuliko kuchora uso. Bunduki zote za aina moja zinafanana. Ukijua moja unazijua zote. Uso ni mmoja tu tangu dunia iumbwe, na ukikosea kidogo umemchora mtu mwingine. Je, si ndivyo ilivyo hata nje ya kompyuta? Ni rahisi kumjua adui kuliko kumjua jirani. Ni rahisi kusema "jambazi", "mhuni", "mtoto ameharibika", kwa sababu hayo ni maneno yenye mistari iliyonyooka.

Katika kutafuta habari za sanaa hii nimejifunza jambo lililonishangaza. Kompyuta ya Macintosh ya kampuni ya Apple ilipotoka mwaka 1984, alama zake ndogo za kwenye kioo zilichorwa na mwanamke msanii, Susan Kare. Alianza kwa karatasi yenye miraba, visanduku 32 kwa 32, yaani 1,024 kwa kila alama. Kompyuta ikiwaka vizuri, ilionyesha kompyuta ndogo yenye uso unaotabasamu. Ikiharibikiwa, ilionyesha bomu lenye utambi unaowaka. Mkono uleule, miraba ileile. Mmoja anaweza kutoa uso, na anaweza kutoa bomu.

Miaka mingi baadaye kampuni hizo zenyewe zilitambua kwamba picha ndogo si mchezo mtupu. Mwaka 2016 Apple iliiondoa bastola kwenye zile emoji tunazotumiana kwa simu, ikaweka bastola ya kijani ya kurushia maji. Kufikia 2018 Google, Samsung na Microsoft nazo zilikuwa zimefanya hivyo. Sisemi kwamba hilo lilipunguza mauaji. Ninachosema ni kwamba watu wenye akili zao na biashara zao walikaa vikao kujadili mchoro ulio mdogo kuliko punje ya mahindi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusaidia hapa. Anatofautisha ustadi na busara. Ustadi unahusu kitu kinachotengenezwa: je, kimetengenezwa vizuri? Busara inamhusu mtu anayetengeneza: je, anaishi vizuri? Mtu anaweza kuwa stadi wa hali ya juu na akakosa busara. Ndiyo maana hatupaswi kumpiga mtoto kwa sababu ya ustadi wake, wala hatupaswi kuridhika na ustadi wake peke yake. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu anamjaza Bezaleli Roho wake ili abuni na kuchonga vitu vya Hema la kukutania. Kubuni ni karama ya Roho. Lakini katika kitabu cha Mwanzo, sura ya nne tu, tunamkuta Tubal-kaini, mfua shaba na chuma, na yeye ni wa ukoo wa Kaini. Nyundo ni ileile. Swali ni nani anayeishika, na anamtengenezea nani.

Mwenye kuijua SMG kuliko wote alilijua swali hilo. Mikhail Kalashnikov alikuwa askari wa vifaru wa Urusi ya Kisovyeti, akajeruhiwa mwaka 1941, na akiwa hospitalini akaanza kuwaza na kuchora silaha ambayo ingewasaidia wenzake. Bunduki iliyozaliwa, AK-47, ikaenea duniani kwa makumi ya mamilioni. Alipewa nishani nyingi. Lakini uzeeni alisema kwamba angependa zaidi kama angebuni kitu cha kuwasaidia wakulima, kwa mfano mashine ya kukatia nyasi. Na mwaka 2012, akiwa amepita miaka 90, alimwandikia Patriaki Kirill wa Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi akimweleza maumivu ya rohoni yasiyovumilika: ikiwa bunduki yake iliua watu, je, yeye hana hatia? Alifariki Desemba 2013, na barua hiyo ikachapishwa mwezi uliofuata.

Sitajibu swali la mzee yule. Kanisa letu linafundisha kwamba kujilinda na kuwalinda wasio na hatia ni halali, na wakati mwingine ni wajibu mzito. Mlinzi anayesimama mlangoni hafanyi dhambi. Lakini nauona uzito wa swali lenyewe. Kuna mtu aliyeanza kwa penseli na karatasi kitandani, na miaka 70 baadaye nyuso ambazo hakuzichora zilimjia kumsumbua.

Kati ya zile picha 19 zilizorudi, moja sikuielewa kwanza. Ilikuwa bendera. Kijana akacheka kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni Msumbiji, Padre. Niliiona kwenye atlasi. Ina SMG, jembe na kitabu."

Kweli, bendera ya majirani zetu wa kusini, iliyoanza kutumika mwaka 1983, ina bunduki hiyo. Nikapata nafasi ya kumsimulia jambo ambalo atlasi haikumwambia. Vita ya Msumbiji ya wenyewe kwa wenyewe iliendelea kuanzia 1977 hadi 1992, na amani ilitiwa saini Roma kwa upatanishi ulioongozwa na wana wa Kanisa, Jumuiya ya Mtakatifu Egidio. Lakini kutia saini si kuzika bunduki. Zilibaki mashambani, kwenye mapaa, chini ya vitanda. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Mwanglikana Dinis Sengulane, lilianzisha mradi uliochukua jina lake kutoka katika Isaya wa leo: kugeuza silaha kuwa majembe. Leta bunduki, chukua jembe. Leta bunduki, chukua cherehani, au baiskeli, au mabati. Bunduki zilizokusanywa zilikatwakatwa, na vipande vingine wakapewa wasanii.

Msanii mmoja, Cristóvão Canhavato, anayejulikana kwa jina la Kester, alitengeneza kiti cha bunduki tupu mwaka 2001. Leo kiti hicho kipo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Na hapa ndipo nilipotaka kijana anisikilize vizuri. Juu ya mgongo wa kiti kuna vitako viwili vya bunduki, na kwenye vitako hivyo matundu ya skrubu na alama ya mkanda yanafanana na macho na mdomo. Ni nyuso, na zinatabasamu. Msanii alieleza kwamba hakuzichonga. Zilikuwemo ndani ya bunduki tayari, yeye aliziona tu.

Kijana alikaa kimya, kisha akasogeza kioo karibu, akaikuza SMG yake akaanza kuikagua kitakoni.

Ndugu msomaji, Injili ya leo inatuambia tukeshe, na inatoa mfano wa mwenye nyumba ambaye angejua saa ya mwizi asingelala. Nimeihubiri Injili hii miaka mingi kwa wepesi. Mwaka huu siwezi. Baba wa kijana huyu hakulala. Mwizi alikuja akamkuta macho, na kukesha hakukumkinga na risasi. Basi kukesha ambako Bwana anakutaka si bima ya kutopatwa na baya. Ni kukutwa mahali pako, umesimama, taa iko mkononi, hata usiku ukiwa na nguvu kuliko wewe. Kwa kipimo hicho, mlinzi yule mwenye tochi na filimbi alikutwa vizuri kuliko wengi wetu. Na Mtume Paulo, katika somo la pili, anatutaka tuvae silaha pia, lakini anaitaja aina yake: ni za nuru. Nawaza tochi.

Niwaombe wazazi na walimu mambo matatu katika Majilio haya. Kwanza, fungua faili zote. Usihukumu kwa picha nne za mwanzo. Pili, uliza kabla hujafuta. "Hii ni nini?" ni swali fupi, na mtoto anayeulizwa bila kupigiwa kelele mara nyingi hujibu. Tatu, jifunze kutofautisha. Mtoto anayechora silaha kwa sababu anapenda umbo lake, au ameziona kwenye gemu, au anatafuta kuzoea kitu kilichomtisha, anahitaji mazungumzo. Lakini mtoto anayeandika jina la mwenzake pembeni ya silaha, anayesema atamdhuru mtu au atajidhuru mwenyewe, huyo usimfiche kwa aibu ya familia. Nenda naye leo kwa mwalimu, kwa daktari, kwa padre, kwa yeyote atakayesaidia haraka. Si kila anayechora bunduki anamlilia baba yake, na mimi sitaki habari hii ikulaze usingizi.

Nanyi vijana, penseli hiyo ya kompyuta mmepewa na Mungu kama Bezaleli alivyopewa patasi. Sikwambii usichore kamwe silaha. Nakuuliza tu: saa zote unazoutazama mkono wako ukifanya kazi, jicho lako linajifunza kupenda nini? Kama umeshaweza vyuma, usiishie hapo. Chora vidole vya bibi yako akichambua mchele. Chora kilicho kigumu.

Nilikwenda shuleni na yule mama. Mwalimu alitusikiliza kwa subira, na kamati ikamruhusu kijana arudi darasani. Mwalimu wa kompyuta amempa kazi ya kuchora nembo ya klabu ya mazingira. Sitaki kukudanganya kwamba mambo yote yamekwisha. Mama bado anaamka usiku. Walioua hawajapatikana. Na ile picha ya mlinzi haijarudi.

Lakini jana jioni, baada ya matangazo ya Dominika hii kuchapwa, nilipita ofisini nikakuta taa inawaka. Kijana alikuwa ameanza upya. Mwili ulishasimama, koti la ulinzi limekamilika, tochi iko mkononi na visanduku vitano vya njano vinatoka mbele yake. Uso ulikuwa bado mweupe.

"Bado macho," akaniambia. "Nasahau yalikaaje."

"Mama yako anakumbuka," nikamjibu. "Kamuulize."

Alizima kompyuta, akaenda nyumbani kumuuliza. Hawajawahi kulizungumza jambo hilo tangu msiba.

Nakutakia Majilio mema, ndugu msomaji. Wiki hii, kabla mshumaa wa pili haujawashwa, mtazame mtu mmoja usoni kwa muda unaotosha kumchora.